Usiigize Vita, Igiza Kikao: Kufundisha Vita vya Kagera kwa Maigizo

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu sababu za Vita vya Kagera, vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979, atakupa orodha bila kusita: Idi Amin, rais wa Uganda, alikuwa mchokozi, alitaka kupanua mipaka, alitaka kuwasahaulisha Waganda shida za ndani, na alikuwa na uhasama na Mwalimu Nyerere. Mwulize matokeo, atakupa orodha nyingine ndefu vilevile. Hakuna alichokosea, na mtihani atafaulu. Lakini mgeuzie swali kidogo tu. Kwa nini Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukumlaani Amin? Kwa nini jeshi letu halikuishia mpakani? Hapo ataanza kutazama dari.

Mwanafunzi huyo si mvivu. Orodha aliyopewa imeandikwa na mtu anayejua mambo yaliishaje. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, Amin akakimbilia Libya na hatimaye Saudi Arabia, alikofia mwaka 2003. Ukishayajua hayo, kila kilichotangulia kinaonekana kama kilikuwa hakina budi kutokea. Waliokaa mezani Novemba 1978 hawakuwa na faida hiyo. Walikuwa na taarifa nusunusu, hazina iliyopwaya, majirani wasiotabirika, na redio ya upande wa pili iliyotangaza leo hiki na kesho kile. Maigizo yakitumiwa vizuri humrudisha mwanafunzi kwenye meza ile kabla mwisho haujajulikana. Katika kufundisha migogoro ya kimataifa sioni kazi kubwa kuliko hiyo, na ajabu ni kwamba shuleni tunayatumia maigizo kwa karibu kila kitu isipokuwa hiyo.

Maigizo ya aina gani?

Tukisema maigizo shuleni, wengi wetu tunaona siku ya wazazi: vijana wamevaa kombati za kuazima, bunduki za miti begani, mmoja kajaza mto tumboni ili awe Amin, na mgeni rasmi anacheka mpaka anafuta machozi. Hilo ni onyesho. Lina raha yake, ila hadhira inafaidi kuliko waigizaji, na waigizaji wenyewe wamekariri maneno waliyoandikiwa na mwalimu.

Ninachozungumzia ni kile ambacho miongozo ya walimu inakiita igizo dhima. Hakuna hadhira, hakuna maneno ya kukariri, hakuna mavazi. Kuna meza, watu wenye nafasi na maslahi fulani, taarifa walizopewa, na uamuzi unaotakiwa kufanywa kabla kipindi hakijaisha. Mwalimu mwenyewe anaweza kuingia ndani ya uhusika, akawa katibu wa kikao au mjumbe aliyeleta simu ya dharura, ili abadilishe mwelekeo wa mambo bila kusimamisha igizo na kuanza kuhutubia. Mbinu hii ilikuzwa sana na Mwingereza Dorothy Heathcote, mwalimu wa walimu aliyefundisha Newcastle. Yeye hakuwa na haja kubwa ya kutengeneza waigizaji hodari. Alitaka mtoto afikiri kwa uzito wa mtu mwenye dhamana.

Upande mwingine yuko Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazil, aliyekamatwa na utawala wa kijeshi wa nchi yake mwaka 1971 kisha akaishi uhamishoni. Katika jukwaa lake, mtazamaji anaruhusiwa kusema "simama", akachukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Kwetu jambo hili si geni hata kidogo. Mapema miaka ya 1980 wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda vijijini, Malya kikiwa kimojawapo, wakafanya sanaa za maonyesho kwa maendeleo ambamo wanakijiji wenyewe ndio waliocheza matatizo yao na kuyajadili.

Nina neno kuhusu ngonjera, kwa sababu kila ninapozungumzia maigizo ya siasa darasani kuna mwalimu atakayesema tunazo tayari. Ngonjera ni utanzu ninaoupenda. Mathias Mnyampala aliupa nguvu kubwa enzi za Azimio la Arusha, na hadi leo hakuna sherehe ya shule isiyo nao. Tatizo lake kwa kazi hii ni umbo: anayekosea huanza kwa kubisha, anayejua hujibu, na mwisho wote wanakubaliana. Mgogoro wa mataifa hauendi hivyo. Hapo kila upande una hoja inayoshika, na mwisho wake mara nyingi ni makubaliano yasiyomridhisha yeyote. Kwa watoto wa Kagera ningechukua majigambo kabla ya ngonjera. Mhaya anapojigamba mbele ya mtawala hajifanyi kuwa mwamuzi. Anasimama upande wake na kuutetea kwa sauti kamili. Amin akijigamba, kisha Obote, rais aliyempindua, akajigamba, kisha mwanajeshi wa Tanzania akajigamba, darasa litapata picha tatu ambazo haziwezi kuunganishwa kwa beti la mwisho.

Rula, ramani na mto

Kipindi cha Kagera kikianza na Amin kimeshachelewa. Anza na wanafunzi wawili, rula, na ramani isiyo na majina ya vijiji. Mmoja ni Mwingereza, mwingine ni Mjerumani, mwaka ni 1890. Wapige mstari magharibi mwa Ziwa Victoria kufuata digrii 1 kusini mwa ikweta, wapeane mikono, wakae. Haizidi dakika tano. Kisha wengine wasimame sakafuni mahali ambapo familia na mashamba yao yangekuwa, halafu uwasomee: mto Kagera haukuufuata mstari ule. Kipande cha Tanzania kikabaki ng'ambo ya kaskazini ya mto, kikiunganishwa na sehemu nyingine ya nchi kwa daraja pale Kyaka. Ni takriban kilomita za mraba 1,800. Majeshi ya Uganda yaliingia humo mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda na mpaka wa haki ni mto.

Baada ya hapo darasa linahitaji historia fupi ya uhasama, na hii isomwe haraka kutoka kwenye kadi. Januari 1971 Amin anampindua Rais Milton Obote, aliyekuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Nyerere anampokea Obote na kukataa kukaa meza moja na Amin, hivyo vikao vya marais watatu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki vinakwama. Septemba 1972 wafuasi wa Obote wanaivamia Uganda kutoka ardhi ya Tanzania, wanashindwa vibaya, na ndege za Amin zinapiga mabomu Bukoba na Mwanza. Oktoba mwaka huohuo Siad Barre wa Somalia anawapatanisha kwa Makubaliano ya Mogadishu, na kila upande unaahidi kuyarudisha nyuma majeshi yake kutoka mpakani. Mwaka 1977 Jumuiya inavunjika.

Isome kadi ile ya 1972 mara mbili. Wanafunzi wengi wa Tanzania hawajawahi kusikia kwamba silaha ziliwahi kuvuka mpaka kutoka upande wetu kabla ya 1978, na hushtuka. Haihalalishi uvamizi wa 1978. Inaeleza kwa nini Amin alipodai kwamba Tanzania ndiyo iliyoanza, kulikuwa na marais Afrika ambao hawakulitupa dai hilo moja kwa moja.

Kwa nini hasa majeshi yake yaliingia Oktoba ile, wanahistoria hawajakubaliana. Wako wanaosema askari walioasi walikuwa wakikimbizwa, mapigano yakavuka mpaka. Wako wanaosema Amin alitafuta vita ili alishike jeshi lililokuwa likimponyoka. Na wako wanaoona ugomvi mdogo wa mpakani uliokuzwa na maofisa wenye tamaa ya kupora. Kwenye kitabu, hizi ni aya tatu zinazofanana. Darasani, vipe vikundi vitatu dakika kumi kila kimoja kiandae tukio lilelile la mpakani kwa maelezo yake, halafu wengine waulize: kama ndivyo ilivyokuwa, mbona siku chache baadaye lilitangazwa unyakuzi? Kama ulipangwa, mbona maandalizi yalionekana hafifu? Igizo hapo linafanya kazi ya mizani: maelezo yasiyoweza kusimama huanguka yenyewe, kwa kuwa mwigizaji hupungukiwa na la kusema.

Uwezo, sababu, nia

Sasa kikao chenyewe. Ni Dar es Salaam, siku za mwanzo za Novemba 1978. Kuna Rais, Waziri Mkuu (wakati ule Edward Sokoine), Waziri wa Mambo ya Nje (Benjamin Mkapa), Waziri wa Fedha (Edwin Mtei), na Mkuu wa Majeshi (Abdallah Twalipo). Ningewapa wanafunzi vyeo na kuyaacha majina kwenye kadi. Mtoto akiambiwa awe Sokoine ataiga sauti aliyoisikia kwenye televisheni. Akiambiwa awe Waziri Mkuu atalazimika kufikiri.

Kila Mtanzania anaijua hotuba ya Nyerere ya tarehe 2 Novemba: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Kijana atakayepewa kiti cha Rais atatamani kuikariri mara tu atakapokaa, na darasa litampigia makofi. Mzuie. Hotuba huja baada ya kikao, na kazi ya kikao ni kuyageuza maneno yale matatu kuwa maswali.

Uwezo: Mkuu wa Majeshi ana askari wasiofika 40,000, wengi wako mbali na Kagera, na barabara kutoka pwani hadi Bukoba anaijua. Atahitaji mgambo, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa, na atahitaji malori ya mashirika na ya watu binafsi. (Jeshi lilikuja kuzidi watu 100,000 kabla vita havijaisha, lakini yeye leo hajui.) Waziri wa Fedha ana hazina ya fedha za kigeni iliyokwishapungua baada ya bei nzuri ya kahawa ya 1976 na 1977 kushuka, na Jumuiya iliyovunjika imeiachia nchi kazi ya kujijengea upya reli, ndege na posta. Gharama ya vita ilikuja kukadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 500 hivi. Usimwambie. Mwache akisie mwenyewe, kisha umwonyeshe mwisho wa kipindi.

Sababu: hili ni la Waziri wa Mambo ya Nje, na linaonekana rahisi mpaka aanze kuandika barua. Nchi imevamiwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 51, unaipa haki ya kujilinda. Lakini barua inakwenda kwa nani, na inaomba nini? Walaani? Wapatanishe? Wakisema "pande zote mbili zisimamishe mapigano" akubali?

Nia: kumpiga hadi wapi? Hapa ndipo kikao huwaka moto. Wako watakaotaka kumtoa na kuishia mpakani. Wako watakaouliza, tukiishia mpakani, ni nani atamzuia asirudi mwakani? Wako watakaosema twende Kampala, na Waziri wa Mambo ya Nje akiwa macho atawauliza kwa sheria gani. Nyerere mwenyewe alilijibu swali hili kwa kusema kuna vita viwili: kimoja ni cha Watanzania kumtoa mvamizi, kingine ni cha Waganda kumwondoa Amin. Ni jibu la mwanasiasa mwenye akili kali, na ni vyema darasa lijaribu kulipata lenyewe kabla ya kuambiwa. Mara nyingi hulipata robo tatu.

Katikati ya majadiliano mwalimu aingie na karatasi: daraja la Kyaka limevunjwa. Asiseme zaidi. Baadhi watadai ni habari mbaya, kwani jeshi halitavuka. Wengine watagundua kwamba anayevunja daraja hana mpango wa kuja upande wa pili. Ukimya unaofuata karatasi ile una mafunzo kuliko dakika ishirini za muhadhara.

Addis Ababa haikuwa na msimamo wako

Meza ya pili ndiyo ngumu na ndiyo tamu. Ni OAU, yaani ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wenye makao yake Addis Ababa. Mwanafunzi wa Tanzania huingia humu akitarajia kuungwa mkono na kila mtu, na wajibu wa kadi ni kumwonyesha kwa nini haikuwa hivyo.

Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, na aliyelipigania azimio hilo alikuwa Nyerere mwenyewe. Kwa azimio lile, Amin hana pa kusimama. Lakini mkataba wa OAU ulikuwa na nguzo nyingine: kutoingilia mambo ya ndani ya nchi mwanachama. Mradi Tanzania inapigana ndani ya Kagera, nguzo zote mbili ziko upande wake. Januari 1979 wanajeshi wake wanavuka na kuiteka Mutukula upande wa Uganda, na kuanzia hapo nguzo ya pili inamgeukia aliyeitetea ya kwanza. Mwanafunzi akilisoma hilo kitabuni hulipita. Akiwa ameketi kwenye kiti cha Tanzania na mwenzake wa Sudan akamsomea nguzo ile ya pili usoni, halisahau.

Sudan inastahili kadi nzuri. Rais wake, Jaafar Nimeiry, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa OAU, na mwenyekiti anatafuta usuluhishi, halaani. Nigeria ipewe mtu mwenye kichwa: ilikuwa imetoka kwenye vita vya Biafra, jimbo lake lililotaka kujitenga, ambalo Tanzania, mwaka 1968, ililitambua kama dola. Mkuu wa Nigeria, Olusegun Obasanjo, alikuwa kamanda aliyepokea kusalimu amri kwa Biafra mwaka 1970. Sisemi kwamba ndiyo sababu ya msimamo wa Nigeria. Nasema mwanafunzi aliyeshika kadi ile hawezi kusikia neno "kuingilia" kwa masikio ya Mtanzania. Kwenye mkutano wa Monrovia wa Julai 1979, Nimeiry na Obasanjo ndio waliosimama kuikosoa Tanzania hadharani.

Halafu kuna Libya. Gaddafi alituma askari na silaha kumsaidia Amin, wakapigana Lukaya mwezi Machi na kushindwa. Msumbiji, Zambia, Angola na Botswana ziko upande wa Tanzania waziwazi. Na Kenya? Hiki ndicho kiti ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakina maneno makali. Kenyatta amefariki Agosti 1978, Moi ana miezi michache madarakani, mizigo na mafuta ya Uganda yanapita Mombasa, na uhusiano wake na Dar es Salaam umekuwa baridi tangu mpaka ufungwe mwaka uliopita. Mpe mwanafunzi mtulivu kiti hicho na umwambie asichukue upande. Darasa zima litamkasirikia, naye atajua maana ya kutofungamana na upande wowote kuliko atakayeeleza kwa aya tatu.

Masharti ya Tanzania yalikuwa OAU imlaani Amin, Uganda iache madai yake ya ardhi, na fidia ilipwe. Hayakukubaliwa. Mwishoni mwa igizo hili watoto wengi hutoka na hasira, na hasira hiyo isitulizwe haraka. Waulize tu: wewe ungekuwa rais wa nchi ndogo yenye jirani mkubwa, ungetaka kanuni ipi ibaki imara?

Kiti moto cha Masaka

Kuna mbinu ya kumkalisha mhusika mmoja mbele na darasa zima kumhoji. Inaitwa kiti moto (wanafunzi wacheke kwanza, wamalize). Kwa Kagera, usimweke Nyerere wala Amin hapo. Weka mwenye duka wa Masaka, Machi 1979. Amefurahi kwamba utawala uliowaua ndugu zake unaanguka. Pia mji wake umebomolewa. Masaka na Mbarara ziliharibiwa vibaya, na sehemu ya uharibifu ule ilikuwa kisasi cha wanajeshi wetu kwa yaliyofanywa Kagera. Weka vilevile mama wa Kagera aliyerudi kijijini akakuta ng'ombe wamechukuliwa na nyumba zimechomwa. Wasikutanishwe ili wapatanishwe. Wahojiwe mmoja baada ya mwingine, na darasa libaki na majibu yote mawili mkononi.

Mkutano wa Moshi wa Machi 1979, ambapo makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yaliunda chama cha pamoja na kumchagua Yusufu Lule, unaweza kupita haraka. Inatosha darasa lione kwamba kumwondoa mtu na kukubaliana nani akae mahali pake ni kazi mbili. Lule alidumu siku 68, Godfrey Binaisa akafuata, Obote akarudi kwa uchaguzi wa Desemba 1980, na Februari 1981 Yoweri Museveni akaingia msituni.

Damu na kicheko

Mapigano yasiigizwe, kwa sababu mbili. Kwanza, hayawezekani. Vijana wakianza kufyatuliana risasi za mdomo, kipindi kimegeuka mchezo wa kombolela, na aliyekufa anafufuka kwa kuwa ana zamu nyingine. Pili, yanafundisha kwamba vita ni suala la nani shujaa, wakati ulichotaka kufundisha ni nani aliamua nini na kwa taarifa gani.

Kicheko nacho kina hatari yake. Amin alikuwa na vituko vya kweli. Aliwahi kupendekeza yeye na Nyerere wamalize ugomvi ulingoni kwa masumbwi, Muhammad Ali akiwa mwamuzi. Mwanafunzi yeyote mwenye kipaji ataiba kipindi kwa tukio hilo peke yake. Lakini Amin wa vichekesho hatishi, na mtu asiyetisha hawezi kueleza kwa nini maofisa wake walimtii, wala kwa nini Waganda kwa maelfu waliuawa chini yake. Ninachopendekeza ni kumwacha Amin nje ya chumba kabisa. Waonekane wanaomtumikia: mkuu wa kikosi wa Mbarara aliyepokea amri kwa simu, balozi anayetakiwa kuutetea unyakuzi Addis Ababa asubuhi inayofuata. Hofu yao itamleta Amin darasani bila mto tumboni.

Kuna migogoro ambayo hata kikao chake kinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 ni mfano. Hakuna sababu yoyote ya kielimu ya kumweka mtoto kwenye kizuizi cha barabarani, awe muuaji au anayeombwa kitambulisho. Mtoto atakayecheza vizuri ataumia, na atakayecheza vibaya atawaumiza wengine. Ila kuna chumba kimoja cha mgogoro ule kinachoingilika: Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, tarehe 21 Aprili 1994. Wajumbe 15 walipiga kura ya azimio namba 912, lililopunguza UNAMIR, kikosi cha kulinda amani nchini Rwanda cha Jenerali Roméo Dallaire, hadi watu wapatao 270, mauaji yakiwa yameanza wiki mbili nyuma. Na Rwanda yenyewe, kwa serikali iliyokuwa ikiendesha mauaji yale, ilikuwa na kiti mezani. Oman ilikuwepo. Nigeria ilikuwepo. Hakuna aliyepinga. Vipe vikundi kadi za nchi hizo, na kadi ya Marekani iwe na kumbukumbu ya askari wake waliouawa Mogadishu Oktoba 1993. Tarehe 17 Mei Baraza hilohilo lilipitisha azimio namba 918 la kukiongeza kikosi hadi watu 5,500. Swali la kuliuliza darasa ni nini kilikuwa kimebadilika, na nini hakikubadilika.

Wanaopenda mahakama wanaweza kuiigiza ile ya Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda (iliyofungwa mwaka 2015), ambako hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya Septemba 1998 ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mahakama humkinga mwanafunzi: ushahidi unasomwa, hauchezwi.

Darasa la watu themanini

Mwalimu ataniambia hayo yote ni ya shule zenye wanafunzi ishirini. La. Kiti kimoja kikaliwe na kikundi cha watu sita hadi wanane. Mmoja anaongea, wengine ni ujumbe wake, wanampitishia vikaratasi, na yeyote akiona mwenzake amekwama amguse bega, achukue nafasi. Kwa viti kumi umeshawamaliza themanini. Vipindi viwili vya dakika 40 vilivyofuatana vinatosha meza moja. Ukiwa na kimoja tu, fanya kikao cha Dar es Salaam na uiache OAU kwa wiki ijayo.

Lugha ina uzito wake. Historia ya sekondari imekuwa ikifundishwa kwa Kiingereza, na mtoto anayetafuta neno la Kiingereza hawezi wakati huohuo kumtafutia Waziri wa Fedha hoja. Kikao kiendeshwe kwa Kiswahili, muhtasari wake uandikwe kwa lugha ya mtihani. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, limeondoa kikwazo hiki kwa kiasi.

Jua pia nani yumo darasani mwako. Ukiwa Kigoma au Kagera, huenda kuna mtoto aliyezaliwa kambini, au ambaye babu yake alikuwa upande wa pili wa bunduki. Usimpe yeye kadi ya mkimbizi kwa kuwa "anajua". Kadi zigawiwe kwa kura, na mwanafunzi aruhusiwe kuirudisha bila kueleza.

Na uhusika uvuliwe. Kila mmoja asimame, ataje jina lake halisi, aseme jambo moja ambalo mhusika wake aliamini na yeye haliamini. Jambo hilo huchukua dakika nane hivi kwa vikundi, na zisifidiwe kwa mazoezi ya ubaoni. Aliyekuwa balozi wa Amin asipofanya hivyo atabaki "balozi wa Amin" mpaka bweni, na kwa vijana hilo si utani mdogo.

Kazi ya nyumbani iwe ya maandishi: muhtasari wa kikao, ukurasa mmoja, kama ulivyoandikwa na katibu siku ileile, bila kutaja lolote lililotokea baada ya siku hiyo. Sharti hilo la mwisho ndilo la kupimia. Kila sentensi inayojua mambo ya Aprili 1979 inapoteza alama. Kengele ikilia kabla baraza halijaamua, liache livunjike bila uamuzi, na kipindi kijacho uanze kwa kuwasomea kilichofanyika kweli, kisha wampe Waziri wa Fedha dakika kumi za kujibu.